Dada Blandina na Michoro ya Chimala

Tarehe 30 Juni 2025, Bi. Blandina Kihwele anastaafu baada ya kulitumikia jarida letu la Nyanda kwa miaka ishirini na tisa na miezi mitano. Aliripoti hapa Iringa tarehe 1 Februari 1996 akiwa mpiga chapa, na cheti chake cha uhazili, sweta la kijani, na chupa ya chai ambayo hakumgawia mtu kabla ya saa nne. Anaondoka akiwa mhariri wa picha. Mkurugenzi wetu, mama Juliana, ameniomba niandike wasifu huu kwa sababu nimekaa meza jirani na yake kwa muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote. Naitwa Saulo Mgimba, mpangaji wa kurasa. Mama Juliana aliyasoma haya kabla hayajachapwa, akaniambia nisifute kitu.

Dada Blandina ndiye mama wa ukurasa wa "Mgeni Wetu". Mwaka 2003 jarida lilikuwa la bei za mahindi, matangazo ya ndoa na ushauri wa mifugo. Akasimama kikaoni, akasema kwamba Mbeya na Iringa kuna watu wanaochora, wanaobuni mitindo na wanaopiga picha vizuri kuliko hao tunaowanunulia kazi Dar es Salaam, ila hakuna anayekwenda kuwatazama. Mkurugenzi wa wakati huo, marehemu mzee Bartholomeo, akamjibu, "Basi nenda wewe." Nadhani alitaka kumnyamazisha. Wiki iliyofuata akaenda.

Kule Mwanjelwa, Mbeya, alisimama mbele ya kibao cha kinyozi muda mrefu hadi kinyozi akatoka kumuuliza kama anataka kunyolewa. Alikuwa anatazama zile nyuso sita zilizochorwa pale, kila moja na mawazo yake. Ndivyo alivyompata Isakwisa, ambaye leo michoro yake imo katika vitabu vya hadithi vya watoto. Hapa Iringa, mtaa wa Ipogolo, alimkuta Ombeni akipiga picha za pasipoti kwenye kibanda chenye shuka jeupe, na ndani ya droo ana picha za madereva wa malori wakinawa uso bombani asubuhi. Dada Blandina hakumuuliza msanii yeyote amesomea wapi. Alikuwa akisema, "Nionyeshe ile ambayo hujamwonyesha mtu." Kisha alivua miwani, akaisogeza kazi karibu na macho, na hapo hakuna aliyethubutu kuongea.

Wasanii mia moja na kumi na mbili wamepita katika ukurasa ule. Ningeweza kuishia hapo, tukapiga makofi, tukala pilau. Lakini yuko mmoja ambaye hakuwahi kutokea ukurasani, na bila yeye wasifu huu ungekuwa wa mtu mwingine.

Mwaka 2013 dada Blandina alishuka Chimala, njiani kwenda Mbeya, kununua mchele. Mwuzaji, Tupokigwe Mwalukasa, alikuwa amemfungia kilo tano ndani ya karatasi ya mfuko wa saruji, na kwa bahati mbaya akachukua karatasi iliyochorwa upande wa pili. Ilikuwa kalamu ya bluu tu, ya kawaida, ya shuleni. Wanawake wanapepeta mpunga, na upepo unaonekana. Dada Blandina akaumwaga mchele wote kwenye ndoo ya watu ili aitazame vizuri.

Aliyechora ni Tupokigwe mwenyewe, na ilichukua miezi sita kumshawishi atuazime michoro yake. Tupokigwe alikuwa na michoro arobaini na mitatu, yote kwenye karatasi za saruji, chini ya godoro. Hakutaka itoke nyumbani. Katikati yake ulikuwepo mchoro wa mama yake akiwa amekaa mlangoni, miezi michache kabla hajafariki. Yule mama hakuwahi kupigwa picha maisha yake yote. Sura yake ilikuwa imebaki pale tu.

"Zitarudi kama zilivyo," dada Blandina alimwahidi. Tulipanga maonyesho madogo hapa ofisini baada ya Pasaka ya mwaka 2014.

Michoro ilifika Ijumaa moja ya mwezi wa nne, ndani ya maboksi mawili. Dada Blandina alikuwa anawahi basi la Mbeya. Alinishika mkono, akaniambia, "Saulo, zipandishe juu leo hii, uanze kuzipiga nakala. Zisilale stoo." Nikaitika. Jioni hiyo ilikuwa send-off ya mdogo wangu aliyekuwa anaolewa, na mimi ndiye niliyebeba keki. Nikayaacha maboksi chini, kwenye sakafu ya stoo, nikafunga mlango.

Jumamosi mvua ilinyesha kutwa nzima. Mtaro wa nyuma uliziba, maji yakaingia. Jumatatu tulipofungua, maboksi yalikuwa yamelainika kama ugali uliolala. Wino wa bluu ulikuwa umeenea kwenye maji mpaka kizingitini. Tulijaribu kubandua karatasi mojamoja, zikakatika vidoleni. Mchoro wa yule mama hatukuweza hata kuutambua ni upi.

Dada Blandina alirudi kutoka Mbeya siku hiyohiyo. Akasimama mlangoni na mkoba wake begani. Akaniuliza, kwa sauti ya chini, "Saulo, si nilikuambia uzipandishe?"

Nikasema, "Hapana, dada. Nilijua umezipandisha wewe."

Hayo ndiyo niliyoyasema. Nayaandika leo kama yalivyotoka. Akanitazama, akajishika paji la uso, akasema, "Kumbe sikukuambia?" Nami nikamwacha aamini hivyo.

Kwenye kikao mzee Bartholomeo aliuliza michoro ilikuwa chini ya nani. Dada Blandina akajibu kabla mtu mwingine hajafungua mdomo, "Ilikuwa mikononi mwangu." Alipewa barua ya onyo. Mwaka uleule nafasi ya mhariri mkuu, ambayo kila mtu alijua ni yake, akapewa mtu kutoka nje. Na mwaka uleule mimi nikapandishwa daraja.

Wenzetu mtakumbuka tulivyokuwa tukimtania kwa kile kidaftari chake cha kila siku. Alianza kuandika kila kitu: nimefunga dirisha, nimempa Saulo picha tatu, nimemwambia mlinzi habari za ufunguo. Tulicheka, tukasema uzee umebisha hodi mapema. Mimi pia nilicheka. Mimi peke yangu nilijua kwamba kumbukumbu yake haikuwa na kasoro yoyote, na kwamba aliyemfanya asiiamini ni mimi.

Chimala alikwenda mwenyewe kuipeleka habari. Alirudi amevimba macho. Kwa miaka iliyofuata, kila mwezi wa nne alichukua siku moja ya likizo yake akaenda kwa Tupokigwe, akimpelekea matoleo ya jarida, daftari za kuchorea na kalamu nzuri. Tupokigwe alizipokea, akashukuru, akazipanga kabatini. Hakuchora tena. "Mi sichoragi siku hizi, dada," alikuwa akimjibu. "Nikikaa nianze, naona nitaanza na mama, na sura yake imeshanipotea."

Nilisubiri miaka kumi na moja. Mwezi wa tano, dada Blandina alipokuwa anatoa vitu vyake mezani, nilimsaidia kufunga vitabu kwa kamba, na hapo nikamwambia. Nilimwambia kila kitu, mpaka keki. Aliendelea kukaza kamba. Alilikaza lile fundo mara mbili. Kisha akakaa.

"Nilikwenda hospitali, Saulo," akasema. "Nilimwambia daktari nasahau kutoa maagizo mazito. Nikapimwa kichwa. Wakasema sina kitu. Sikuwaamini."

Nikamwomba radhi, na neno lenyewe likaonekana dogo mno. Akaniuliza, "Chimala unapafahamu?" Nikasema napita tu nikienda Mbeya. Akasema, "Jumamosi utashuka."

Tukaenda. Tupokigwe alikuwa ameanika mpunga kwenye turubai mbele ya nyumba, anaugeuza kwa miguu. Ni mama wa makamo, mrefu, mwenye maneno machache. Alimkumbatia dada Blandina, mimi akanipa mkono. Nikajieleza nikiwa nimesimama juani. Hakunikatiza. Nilipomaliza, aliendelea kuugeuza mpunga mstari mzima, akafika mwisho, akarudi.

"Huyu dada amekuja kila mwaka," akasema. "Analia hapa, ananiomba msamaha, nami namhurumia. Wewe ulikuwa wapi?"

Nikajibu kwamba nilikuwa Iringa.

"Haya," akasema. "Nimesikia."

Hakusema amenisamehe, na sikustahili kumwuliza. Alimgeukia dada Blandina, akamshika mikono yote miwili. "Dada, kumbe hukusahau. Kumbe uliwaambia. Basi usije tena hapa kwa ajili ya zile karatasi. Njoo tu tule." Dada Blandina akaanza kulia kwa sauti, mtu mzima, katikati ya mpunga wa watu, na Tupokigwe akamwacha alie mpaka akaridhika. Mimi nilikwenda kusubiri barabarani.

Kazini mambo si mazuri sana. Nafasi ya mhariri wa picha haijapata mtu, na toleo la Julai litatoka bila "Mgeni Wetu". Mama Juliana alinitaka niushike ukurasa huo, nikakataa, na sababu yake mmeisoma. Barua ya onyo ya mwaka 2014 imeondolewa kwenye faili la dada Blandina, na ya kwangu imewekwa kwenye faili langu. Nafasi aliyoikosa haina wa kumrudishia.

Dada Blandina, umewatoa watu vibandani, sokoni na chini ya magodoro, ukawafanya wajione. Ofisi nzima inakushukuru. Mimi nakushukuru pia kwa kunipandisha lile basi la Chimala. Uende kwako Kilolo, upumzike, ulale bila kukagua madirisha, na kidaftari ukiache nyumbani ukitoka. Mungu akupe siku nyingi zenye amani, na akili yako uiamini, kwa maana ilikuwa nzima siku zote.