Mkwe wa Ng'ambo ya Tista

Ndugu wafiwa na majirani, marehemu Jirung alizaliwa kijiji cha Lungmo, ng'ambo ya magharibi ya Mto Tista, mwezi wa pili, mwaka wa Nyani wa Chuma kwa kalenda yetu, mtoto pekee wa mjane Nyikit, mama aliyejua kulalamika kuliko kupika. Shule yake ilikuwa kwa mjomba, aliyemfundisha kusuka madaraja ya kamba za henzirani, na kila fundo bovu lilikuwa na kofi lake.

Mwezi wa tisa, mwaka wa Nyani wa Mti, alimwoa Pumri wa hapa kwetu, akavuka kuja kuwatumikia wakwe miaka mitatu kama ilivyo desturi, wakajaliwa watoto wanne, wawili wako hai. Ukiwa umebaki mwaka mmoja arudi kwao na mkewe, watu wa Bhutan waliichukua milima hii, mto ukawa mpaka, wakubwa wao waliokaa ngomeni wakaamuru daraja likatwe, na aliyelikata ni Jirung mwenyewe, kwani mwingine angeanguka nalo. Mama yake alisimama ng'ambo akipayuka, maji yakameza maneno, ingawa sisi tuliomjua tunaweza kuyakisia.

Akakaa huku miaka ishirini na saba. Baba mkwe akishalewa pombe ya ulezi humchokoza, "Mkwe, ulikuja miaka mitatu, mbona umeota mizizi?" naye hujibu, "Mizizi gani, mzee? Mimi hapa nimekalia tako moja." Watu walicheka, lakini kila asubuhi alitazama ng'ambo kabla ya kunawa uso, na kifo cha mama yake alikijua kwa kuona paa halitoi moshi.

Homa ya bondeni ilimshika tarehe tatu mwezi wa saba, mwaka huu wa Ng'ombe wa Maji, akafariki tarehe kumi na moja, akiwa na miaka hamsini na tatu. Kila ukoo una kilele chake cha mlima kinachopokea roho za wafu wake, nasi tulimshauri roho yake iende kilele cha ukoo wa mkewe, hapo juu tu, isihangaike na mto, akafoka, "Hata nikifa niwe mkwe? Nipelekeni kwetu!"

Tunawashukuru waganga waliokesha naye, majirani walioleta kuni na mchele, na wasukaji wenzake waliombeba. Sasa mganga ataitaja njia ya roho yake, kituo kwa kituo, mpaka kilele cha ukoo wake magharibi. Pumri siku yake ikifika atakwenda kilele cha kwao, huku mashariki, kwa hiyo hawataonana tena, nasi tumemwomba asiiite roho ya marehemu itakapofika mtoni, isije ikageuka nyuma. Amesema, "Nitanyamaza. Ila avuke upesi."

Jirung, nenda kwenu ukapumzike.