Kadi Namba 47 Ina Makoo Mawili

Risala ya Kikundi cha Palizi cha Tuamke, Musanda, kwa Profesa Mideva Shikanga

Mgeni rasmi, Profesa Mideva Shikanga. Mitchel wetu wa sindano. Mwenyekiti, wanachama, na nyinyi majirani mliofuata harufu ya ingokho, kuku wetu wa kienyeji: hamjambo?

KARIBU KWANZA

Profesa, karibu Musanda. Viti hivi tumeazima kanisani, turubai tumeazima msikitini Mumias, na ujasiri tumejaribu kuazima kila mahali, tumekosa. Kwa hivyo ukiona watu wametulia hivi, usidhani ni adabu. Ni woga.

Risala hii ilianza kuandikwa na mwenyekiti wetu, Bwana Sydney. Yake ilikuwa na barabara, kisima na taa za soko. Tumeifuta yote. Inasomwa na katibu wetu, Pascalia Nasambu, ambaye humu ndani ametajwa kama mtu mwingine tu. Tulifanya hivyo kwa sababu kila alipojaribu kusoma neno "mimi", aliruka mstari mzima. Akikohoa katikati, msimpigie makofi ya kumfunika. Mngojeni amalize.

ULIKOTOKA, JINSI TUNAVYOSIMULIANA

Wewe ni mtoto wa Matungu, wa nyumba ya miwa kama zetu. Ulisoma, ukavuka maji, ukakaa ng'ambo miaka kumi na tisa ukichunguza kitu ambacho hata kwa miwani hakionekani. Kisha baba yako akaanza kusukuma chakula kwa maji, halafu uji ukamshinda, halafu maji yenyewe. Uliporudi kumzika, hukupanda ndege tena. Ulifungua maabara yako pale mjini Kakamega, ukaja hapa na kalamu na ubao, ukatuambia unatafuta saratani ya koo kabla haijajitangaza.

Tunakumbuka somo la siku ile. Ulisema seli haina mdomo lakini inaongea. Inatoa ujumbe, jirani yake anaupokea mlangoni, unapitishwa ndani mkono kwa mkono hadi kwa mwenye nyumba, naye anaamua: kua, tulia, au kufa. Saratani huanza pale neno "kua" linaponasa na hakuna wa kulizima. Kisha seli hiyo mbovu inajifunza uongo. Askari wa mwili wakipita doria, inawaambia, "Mimi ni wa hapa hapa, endeleeni tu." Nao wanaendelea. Kazi yako ya maisha, ulisema, ni kujua uongo huo unasemwa kwa protini gani, na kama unasikika ndani ya damu mapema.

Pascalia akauliza kutoka nyuma, "Profesa, hao askari wanapewanga kitu kidogo ndio wapite?"

Ulicheka mpaka ukavua miwani ukaipangusa. Siku hiyo watu mia mbili na kumi na wawili walikunja mikono ya nguo watolewe damu.

TULIYOYAPATA

Miaka saba sasa, kila Februari na kila Agosti, tunakuja kabla ya chai, Mitchel anatudunga, anatuambia hatuna mishipa ila tuna maneno. Umetufundisha kuacha chai ipoe, isituunguze koo. Mzee Cornelius aliyekaa pale mbele alikuwa wa kwanza kuitwa na damu yake. Kamera ikaingia kooni, ikakuta kidonda kidogo kama punje ya mtama, kikatolewa. Leo anakula obusuma, ugali wetu, mlima mzima na kuwatukana wapishi. Bila wewe tungekuwa tumeshamsahau hata matusi.

Pia umetufundisha kukuogopa. Mwaka wa tatu barafu iliyeyuka njiani kwa saa mbili, ukamwaga sanduku zima la damu, damu ya watu arobaini. Mitchel alilia. Ulisema, na wengi wetu tulisikia: "Damu ambayo sina uhakika nayo ni maji machafu."

Maneno hayo, Profesa, ndiyo yaliyotufunga midomo.

TULICHOFANYA

Sasa tunakuomba ukae vizuri kitini.

Sisi ni kikundi cha palizi. Kabla ya wewe kuja tulikuwa tunapalilia miwa kwa zamu, shamba hili leo, lile kesho. Sheria yetu ni moja: ukipata msiba au mgonjwa, unatuma mtu ashike jembe lako. Jembe likionekana shambani, jina lako haliguswi. Asiyetuma mtu, jina lake linakatwa. Ndivyo tulivyoishi miaka mingi bila kugombana.

Wewe ukatuletea kadi zenye namba, bila jina na bila picha, ili mtu asije akaaibishwa kwa ugonjwa wake. Ulitaka kutufichia siri. Sisi tukaona jembe.

Agosti ya mwaka huu Pascalia alikuwa na msiba kwa kina mama yake, kule karibu na Isecheno. Alimpa kadi yake namba 47 wifi yake Rachael, dada ya mumewe, ambaye hakuwa hata kwenye utafiti.

"Mulamwa, nenda unishikie nafasi. Wasije wakanikata."

"Ni damu hiyo, si jembe."

"Damu ni damu. Yako na yangu zina tofauti gani?"

"Yangu imekunywanga chai moto kuliko yako," Rachael akasema, wakacheka wote wawili.

Hawajacheka tena tangu barua yako ifike.

BARUA

Barua ilisema mwenye kadi namba 47 afike hospitalini Alhamisi hii, saa mbili asubuhi, kwa kipimo cha kamera ya koo. Ulieleza kwa upole kwamba hiyo si hukumu. Kuna ishara tu kwenye damu za mwaka huu ambazo hukuzipenda. Nafasi ni ya mtu mmoja. Anayefuata kwenye foleni ataitwa baada ya miezi minne.

Damu za mwaka huu ni mbili, Profesa. Ya Februari ni ya Pascalia. Ya Agosti ni ya Rachael. Barua haikusema ni ipi.

Pascalia aliificha chini ya debe la unga siku tisa. Kila alipochota unga aliiona. Alijiambia ataenda mwenyewe, kadi ni yake. Kisha akawaza: na kama koo ni la Rachael, si nitakuwa nimekalia kiti chake? Akawaza kumpeleka Rachael. Na kama ni langu? Alianza kujipapasa shingo akidhani haonekani. Sauti yake, mnayoisikia, imepata mkwaruzo tangu Jumatatu iliyopita. Yeye anasema ni vumbi la trekta za miwa. Sisi tunaitikia, ndiyo, ni vumbi.

Na Rachael, ambaye Pascalia alikuwa hajamwambia neno, alikuwa ameshasikia kwa Mitchel kwamba 47 imeitwa. Naye akanyamaza. Wakawa wanakula pamoja, kila mmoja akimtazama mwenzake kooni.

"Mbona unanitazama shingo?" Pascalia akauliza.

"Sijakutazama. Wewe ndiwe unahesabu matonge yangu."

"Umekula manne tu."

"Na wewe kila tonge unalisukuma na maji."

Mikono yao yote miwili ikatoka sahanini. Kuku alikuwa bado mzima bakulini, Profesa, na hapa kwetu hilo pekee ni msiba. Ndipo Pascalia akainua debe, akatoa barua, akaiweka mezani kati yao. Rachael aliisoma mara mbili.

"Nenda wewe," akasema. "Kadi ni yako."

"Kadi haina koo, mulamwa."

Asubuhi yake walikuja wote wawili kwenye mkutano wa kikundi. Pascalia alisimama akasema kila kitu. Tulidhani tutamkasirikia. Badala yake mtu wa pili akasimama, akasema hata yeye alituma shemeji. Akasimama wa tatu. Wa nne alikuwa mwenyekiti wetu Bwana Sydney, aliyemtuma mkewe mara mbili kwa sababu anaogopa sindano. Tulipomaliza tulikuwa thelathini na mmoja. Mitchel hakujua, alichunga namba kama ulivyomwagiza, na sisi wenyewe tulikuwa tunamficha.

OMBI

Tunajua tulichokiharibu. Umetoa miaka saba, na kabla ya hiyo kumi na tisa, kuusikiliza uongo mmoja wa seli. Sisi tukakuongezea wetu, tena tukauandika kwa namba zako. Tulikuwa kama zile seli: tulikuambia sisi ni wa hapa hapa, endelea tu. Ukiinuka sasa hivi ukaenda kufunga maabara, hakuna atakayesimama njiani. Karatasi ya wale thelathini na mmoja iko kwenye bahasha uliyopewa, kila mtu ameandika kwa mkono wake ni Februari gani au Agosti gani, na nani alishika nafasi. Itupe au itumie, wewe ndiwe unayejua.

Lakini kabla hujaamua kuhusu sisi, tuna ombi moja. Pascalia na Rachael hawajatia kitu mdomoni tangu asubuhi, kama ulivyotufundisha. Rachael ni yule aliyevaa kitambaa cha kijani, safu ya kwanza, mkono ameshaukunja. Mitchel ana sindano zake. Tunaomba uwatoe damu leo, hapa, kila mmoja kwa jina lake lote alilopewa na wazazi wake, ulinganishe na zile ulizohifadhi. Na kama kuna njia kamera ya Alhamisi itazame makoo mawili, itazame mawili.

Kama haiwezekani, kamati ilitaka tuandike kwamba wewe ndiwe uchague. Pascalia alikataa. Alisema iandikwe hivi: aende Rachael, kwa sababu yeye hakuomba kadi.

Rachael, kaa chini. Tulikubaliana hutajibu mpaka risala iishe.

Profesa, chakula kiko tayari. Obusuma imefunikwa, ingokho imeiva, mboga zimeungwa. Watu mia mbili wana njaa, na Mzee Cornelius ameshaanza kunung'unika. Lakini tumeapa sote: leo Musanda hakuna atakayemeza hata tonge moja kabla ya hawa wawili.

Mungu akulinde macho yako na mikono yako, aipumzishe roho ya baba yako, na atufanye tujulikane kila mtu kwa damu yake.

Ni sisi, kwa majina yetu halisi,
Kikundi cha Palizi cha Tuamke, Musanda.