Mzee Ezron Halinga na Nafasi ya Kumi na Mbili

Mchana wa Jumamosi, tarehe 27 Desemba 2014, barazani kwa marehemu hapa Tunduma, walikuwepo marehemu mwenyewe, ameketi kwenye kiti chake cha kamba, mkewe Mama Felista, mtoto wao wa kwanza Edson, mke wa Edson, Sekela, akiwa na mtoto mgongoni, Mzee Shaban Abdulswamad, mwenye malori, na Bi Nesta, muuza vitenge kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Familia imeona ianze na siku hiyo, ndugu waombolezaji, kwa sababu ndiyo siku marehemu alipomaliza kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini, ya kuchagua nyimbo kumi na mbili bora kuliko zote za miaka ya sabini mwishoni, na wengi wenu tangu juzi mmekuwa mkiuliza kazi ile iliishaje.

Marehemu Ezron Halinga alizaliwa tarehe 3 Machi 1955 katika kijiji cha Ihanda, Mbozi, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Enoka Halinga na Bibi Tupokigwe, wakulima wa kahawa. Alianza shule ya msingi hapohapo kijijini mwaka 1963 na kumaliza darasa la saba mwaka 1969, na waliosoma naye wanasimulia kwamba alikuwa akipiga ngoma juu ya dawati kila siku, hadi mwalimu wake, badala ya kumchapa, akampeleka kwenye bendi ya shule ili dawati lipumzike. Hakuchaguliwa kuendelea na masomo, akabaki nyumbani akichuma kahawa pamoja na wazazi wake.

Mwaka 1973 alipata kibarua kwenye ujenzi wa reli, akaishi kambini, na huko alifundishwa kupiga gita na mwenzake wa hema moja ambaye hakumdai chochote isipokuwa amchotee maji. Mwaka 1976 alijiunga na bendi ya vijana iliyoitwa Momba Jazz, iliyopiga dansi Vwawa, Mlowo na hapa Tunduma, na akiwa humo alitunga wimbo mmoja, "Taa ya Stesheni", wa mtu anayemngoja mgeni ambaye hakupanda treni. Wimbo huo haukutolewa kwenye santuri, ulinaswa mara moja tu kwenye kanda, ukumbini Vwawa, Jumapili ya Pasaka mwaka 1978, pamoja na vifijo vya watu, kisha mwaka uliofuata mwenye vyombo akavichukua vyombo vyake na bendi ikafa. Marehemu hakuwa mtu wa kulalamika, lakini wote waliokaa naye walijua kwamba alitamani jambo moja, kwamba siku moja watu wanaoujua muziki waseme wimbo wake unastahili kuwekwa pamoja na nyimbo kubwa za wakati ule.

Tarehe 6 Septemba 1980 alifunga ndoa takatifu na Felista Sichone katika kanisa la Moravian hapa Tunduma, wakajaliwa watoto watatu, Edson, Ruti, na Zabroni aliyetangulia mbele ya haki akiwa mchanga. Mama Felista anaimba kwaya, na wapo waliodhani nyumba ile ingekuwa na ugomvi kati ya kwaya na dansi, lakini marehemu ndiye aliyekuwa akimrekodia mkewe nyimbo za mazoezi, na mama akimpelekea chai kibandani akiwa amevaa sare ya kwaya, mbele ya madereva wote, bila kuona haya.

Kibanda hicho alikifungua mwaka 1986, wakati bidhaa zilipoanza kuingia kwa wingi na redio kaseti ikawa kitu cha kawaida majumbani, akawa anarekodi kanda kutoka kwenye santuri zake alizozikusanya kutoka pande zote mbili za mpaka. Dereva akija, marehemu alimuuliza kwanza anakwenda wapi na anaendesha peke yake au na utingo, ndipo ampangie nyimbo, na hakuruhusu wimbo ukatike katikati upande wa kanda unapoisha, aliona ni kumdharau aliyeimba. Kanda ikikamilika alivunja vijipembe viwili vya plastiki vilivyoko mgongoni mwake, ili pasiwe na mtu wa kurekodi kitu kingine juu yake. Adhana ilipolia alizima spika mwenyewe, hakusubiri kuambiwa, na dereva mmoja wa Makambako alipofariki kwa ajali, marehemu alimrekodia mjane wake nyimbo zilezile ambazo mumewe alikuwa akiziomba, akampa kondakta wa basi amfikishie, na habari hii tumeipata jana kwa mjane huyo mwenyewe, aliyeko hapa msibani.

Mwaka 1994 ndipo alipoanza na wenzake wawili, Mzee Shaban na Bi Nesta, kukutana kila mwaka baada ya Krismasi ili wachague nyimbo kumi na mbili za kanda moja ya dakika sitini, nyimbo za mwaka 1976 hadi 1979 tu, kwa sharti kwamba wimbo hauingii mpaka wote watatu wakubali. Marehemu alikuwa na namna yake ya kupima, alishusha sauti ya redio kidogo kidogo hadi ikawa ya kunong'ona, kisha haangalii redio, anaangalia miguu ya watu, akisema kwamba wimbo mbovu ukishushwa hufa, wimbo mzuri huendelea kutembea miguuni. Kwa namna hiyo wimbo mmoja uliweza kujadiliwa miaka mitatu, na ulikuwepo mmoja ulioingia, ukatolewa, ukarudishwa.

Nyimbo kumi na moja zilipatikana kufikia mwaka 2006, ikabaki nafasi ya kumi na mbili, na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Marehemu hakuruhusiwa kuutetea wimbo wake mwenyewe, hilo alilipendekeza yeye, lakini kila mwaka aliuweka kwenye redio bila kusema neno, akakaa. Mzee Shaban alikuwa akimwambia, "Swahiba, wimbo wako ni mzuri sana, tatizo unapendwa na mkeo na mbuzi wako tu," na Bi Nesta akitikisa kichwa na kumkatalia kwa lugha ya kwao, akimwita baba Edson, "Awe, Bashi Edson, mimi hapana, huyo mgeni asiyefika ananichosha," na marehemu alicheka pamoja nao, akatoa kanda, akaifuta vumbi kwa shati lake, akairudisha kwenye kasha mpaka mwaka mwingine. Mama Felista anasema siku hizo za Desemba marehemu alikuwa hamalizi chakula.

Jumapili ya tarehe 9 Juni 2013, akijiandaa kwenda kanisani, marehemu alipatwa na kiharusi, akapelekwa hospitali ya Vwawa na baadaye Mbeya, akarudi nyumbani akiwa amepooza upande wa kulia, na maneno yake yakabaki machache sana, ndiyo, bado, na jina la mkewe. Kibanda kilifungwa. Kuanzia hapo Mzee Shaban alikuja kila Ijumaa baada ya swala kumnyoa ndevu, kazi ambayo hakuwa ameifanya kwa mtu mwingine maishani mwake, akimkata hapa na pale na kumwambia, "Tulia, mzee, uso wenyewe haukuwa mzuri hata zamani," na Bi Nesta alivuka mpaka na dagaa wa ziwani, akiwachambua miiba mwenyewe ili mgonjwa asipate taabu.

Sasa tunarudi kwenye siku ile tuliyoanza nayo. Mzee Shaban na Bi Nesta walikuwa wamekubaliana mapema, na Edson aliwasaidia, jioni ya kuamkia siku hiyo aliurekodi wimbo wa "Taa ya Stesheni" mwishoni mwa upande wa pili wa kanda ya zile nyimbo kumi na moja, kwenye nafasi ya kumi na mbili. Walipofika barazani Mzee Shaban aliweka kanda kwenye paja la marehemu na kusema, "Haya, Ezron, sisi wawili tumekubali. Wimbo wako umo. Vunja vijipembe tumalize, tumezeeka." Mama Felista aliyekuwa anachambua mchele aliuacha, kwa kuwa alijua ni miaka mingapi mumewe ameyangoja maneno hayo.

Marehemu aliishika kanda kwa mkono wa kushoto, akaiangalia, akamnyooshea Sekela aiweke kwenye redio kaseti ya zamani iliyokuwa pembeni yake. Wimbo ulipoanza alifumba macho, gita lake likasikika, na vifijo vya watu wa Vwawa. Kisha aliupeleka mkono kwenye kitufe cha sauti, akaanza kushusha, kidogo kidogo, hadi ikawa ya kunong'ona, akafumbua macho na kuangalia miguu yetu sote, mmoja baada ya mwingine. Miguu ilikuwa imetulia, maana kila mtu alikuwa anamtazama yeye usoni. Mzee Shaban alishtuka, akaanza kugongesha kiatu sakafuni, amechelewa, na nje kabisa ya mapigo.

Marehemu alicheka. Alicheka kwa upande mmoja wa uso, mpaka machozi yakamtoka, na Bi Nesta akamwambia Mzee Shaban, "Hata kudanganya hujui," na Mzee Shaban akasema, "Viatu hivi vinabana, shemeji, usinionee." Kisha marehemu alirudisha kanda nyuma mpaka mwanzo wa wimbo wake, akabonyeza vitufe viwili vya kurekodi kwa pamoja, taratibu kwa sababu alikuwa na mkono mmoja tu wenye nguvu, akaegemea kiti. Edson alitaka kuzuia wimbo usifutwe, mama akamshika mkono. Mzee Shaban ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya chini, "Ezron, hujaupenda?" na marehemu akajibu, "Bado."

Tulikaa hivyo hadi upande ulipokwisha na vitufe vikaruka vyenyewe. Marehemu aliitoa kanda na kuvunja vijipembe vyote viwili kwa meno, kisha akamuonyesha mkewe sinia la mchele kwa kidole, na mama akacheka naye, kwa sababu tangu kazi ile ianze hakupata kumwona mumewe akidai chakula mwezi wa Desemba. Mchana huo alikula, akaomba aongezwe.

Afya yake iliendelea kuwa ya kuridhisha hadi Jumatano, tarehe 11 Februari mwaka huu 2015, hali ilipobadilika ghafla mchana, akakimbizwa hospitali, na Alhamisi tarehe 12, saa kumi na mbili asubuhi, Mungu akamchukua akiwa na mkewe na binti yake Ruti. Ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia Vwawa na Mbeya, hasa muuguzi aliyemwekea redio ndogo kando ya mto wake ingawa haikuwa kazi yake, inawashukuru majirani waliochota maji na kupika tangu Alhamisi, wanakwaya, madereva walioegesha malori yao na kuja kuchimba kaburi, ndugu zetu wa Nakonde waliovuka tangu alfajiri, waumini wa msikiti wa jirani walioleta turubai na mikeka, na kila mmoja wenu, kwa kuwa hatuwezi kuwataja wote.

Mumeo wa ujana, Mama Felista, baba yetu, babu yetu, rafiki yenu, amekwenda kwa utulivu, na Mungu ampe pumziko jema.

Kanda ile ina nyimbo kumi na moja, na baada yake ipo nafasi ya dakika nne na kitu, ambayo redio imenasa watu wakiwa wamekaa barazani, mtoto akilia kidogo na kunyamazishwa, lori likipita, Mzee Shaban akiuliza, na marehemu akijibu. Nakala ya kwanza ilitolewa jana, imechukuliwa na dereva anayekwenda Ndola.