Namba Saba, Ile ya Pembeni

Mimi si mtu wa kusikiliza mambo ya wenyewe. Ndiyo maana nilihama kiti mara mbili, nikakaa nyuma yao kabisa.

Basi lilikuwa la wauza nyumba, lile la bure la kututoa Thika kwenda kuonyeshwa nyumba Ruiru. Wengine wetu tulifuata soda. Mbele yangu alikaa Ndila, mama wa kiwandani, amekumbatia bahasha yenye hundi ya dipoziti kama mtoto mchanga.

"Miaka kumi na moja, mzee," alimwambia jirani yake mwenye tai. "Chama cha akiba, ovataimu, Krismasi zote kazini. Leo nalipia namba saba, ile ya pembeni. Siku ya kwanza nilivua viatu mlangoni, nikaona jua limejaa jikoni, nikajua ni hii."

Nikainama mbele zaidi, nisipitwe na neno.

"Na wewe umechagua gani?" Ndila akamuuliza.

Mzee akakohoa. "Pole, mama. Hiyo namba saba nililipia wiki jana. Leo naenda kuangalia rangi tu."

"Woi!" Bahasha ikateremka mpaka magotini. "Na ufunguo wamekupatia?"

"Niliuacha nyumbani."

Basi likasimama langoni. Dada wa kampuni akafungua mlango, akamwona mzee wa tai, akacheka. "Guka Kiama! Jumamosi ya nne hii, na hata fomu hujawahi kuchukua! Leo soda ni moja tu."

Ndila akamgeukia polepole. Guka, yaani babu wetu wa tai, akaanza kupapasa mifuko, akitafuta ule ufunguo alioacha nyumbani.