Dawa Tuliyoshindwa Kumchagulia Katani

Kijiwe chetu kipo Korogwe, kwenye baraza la duka la Pradip la misumari na mabati, na wanaotufahamu wanajua hatujawahi kukubaliana hata mvua ya juzi ilianza saa ngapi. Jana tulikuwa Mnyuzi kumzika Isihaka, tuliyemwita Katani kwa sababu ujana wake wote aliumalizia kwenye mashamba ya mkonge kule Mazinde. Kilichomuua ni homa ya ini, ile ya aina C. Leo asubuhi Twaha kaleta birika lake la kahawa kama kawaida, na kabla kashata haijazunguka, wenzangu wakaanza upya ubishi ule ule waliokuwa nao Katani akiwa hai. Niliudhika, lakini sikuondoka.

— Mngenisikiliza mimi, leo tungekuwa naye hapa, alianza Mustafa, tunayemwita Spika kwa kuwa ndiye anayegawa zamu za kusema. Nilisema aingie utafiti wa kwanza, kati ya zile tafiti mbili za dawa alizoambiwa hospitali. Kila mtu anapewa vidonge, wiki kumi na mbili, mchezo umekwisha.

— Kumi na mbili! Denis akaguna. Huyu ni dereva wa bodaboda, tunamwita Bando, macho hayatoki kwenye simu. Mzee anaumwa, wewe unamrefushia safari. Utafiti wa pili ulikuwa wiki nane tu. Dawa mpya kabisa, bado ina joto la kiwandani.

— Wa pili una kura, Bando.

— Kura kitu gani? Nusu wanaanza leo, nusu wanasubiri kidogo halafu nao wanapewa. Daktari alimweleza Katani, Katani akatueleza.

— Ini la mtu mzima lipigiwe kura kama mchezo wa upatu? Mimi siwezi.

Pradip akaweka kikombe chini. Yeye tunamwita Rula. Kazaliwa hapa hapa Korogwe, na hakuna jambo asilolipima.

— Ndugu zangu, mnasahau uzito. Katani alikuwa mwembamba. Dawa ya wiki nane lazima ni kali, imebanwa. Ukimpa mtu mwembamba dawa iliyobanwa, inapita pembeni ya ini. Bati jembamba hulipigilii msumari wa inchi sita.

— Ini siyo bati, Rula, Spika akamkatiza.

— Ndiyo maana nasema tungempima kwanza.

— Tatizo ni damu, Bando akasema. Nimesoma. Kila ukienda kliniki wanakutoa damu. Wanaipeleka wapi? Damu ya mtu wa mkonge imekomaa juani, huko Ulaya wanaitafuta kwa tochi.

— Basi mimi nawaambia kitu, Spika akainuka kabisa. Tafiti zote mbili ni moja! Ni wale wale, wamejigawa ili waone nani atachagua nini. Wanachochunguza siyo ini, ni akili zetu.

Wakacheka, kisha kicheko kikakatika, maana pale alipokuwa akikaa Katani palikuwa na mfuko wa saruji umewekwa.

Msomaji usiyetujua, naomba nikueleze kilichotokea. Kijiwe hiki kina sheria: ukileta jambo lako, unalisema mara moja, halafu unanyamaza mpaka wenzako walimalize, kwa madai kwamba mwenye jambo ana upendeleo. Sheria hiyo imetusaidia kwenye mbuzi, kwenye posa, hata kwenye ugomvi wa mipaka ya mashamba Mpale. Basi Katani akatoka hospitali, akatueleza tafiti mbili, akasema daktari kampa nafasi achague kabla mwezi haujaisha. Akanyamaza. Alikuja kila asubuhi, akakaa, akatusikiliza tukigombana juu ya ini lake. Wakati mwingine alikohoa kidogo kama mtu anayetaka kusema, na Spika akamwonyesha kidole cha kumnyamazisha. Mwezi ukaisha, nafasi zikajaa huku na huku. Daktari akamwambia asubiri nyingine. Kabla hazijapatikana akaanza kutapika damu. Inaniuma sana, na najua wenzangu inawauma pia, ndiyo maana wanapiga kelele.

Tulikuwa bado tunabishana aliposimama mbele yetu Mwaija, binti wa marehemu, kajitanda khanga nyeusi.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu. Pole sana. Karibu ukae.

— Sikai, baba, nasubiri gari. Nimekuja kuwashukuru kwa kumsitiri baba. Na nina swali.

— Sema mama, sema tu, Spika akajibu.

— Hospitali walitupima nyumba nzima. Wengine wako salama. Mimi ninayo homa hiyo, kama baba.

Twaha alikuwa anamimina, akasimamisha birika.

— Wamefungua tena zile tafiti mbili, natakiwa nichague. Baba alikaa na daktari muda mrefu, alielezwa yote. Nyumbani nikimuuliza alikuwa ananiambia ngoja, wazee hawajamaliza. Sasa nauliza, yeye mwenyewe alikuwa anataka upi?

Spika akamtazama Rula.

— Rula, wewe ndiye uliyekuwa unakaa naye karibu.

— Karibu ndiyo. Lakini mimi nilidhani kamwambia Bando, maana Bando ndiye alikuwa anampeleka hospitali.

— Njiani tulikuwa tunazungumza mambo yangu, Bando akasema taratibu, simu imezimika mkononi. Nilijua kakwambia wewe, Spika.

Spika akatikisa kichwa. Machozi yakamtoka, mzee wa watu, na hakuyafuta.

Mwaija akaitikia kwa kichwa, kwa adabu.

— Haya, basi. Nitaongea na daktari, nitachagua mwenyewe.

Gari likapiga honi, akavuka barabara. Kwa mara ya kwanza pale kijiweni, hakuna aliyekuwa na la kuongeza.