Reli ya Chumbani kwa Mzee Elias Nkwabi

Wazee wetu, majirani wa Usagara, ndugu wa jumuiya, na ninyi mliovuka maji kutoka Nansio: poleni kwa safari, na poleni kwa maneno mliyoyasikia njiani. Familia inajua kinachonong'onwa huko nyuma ya turubai. Tunaomba mtusikilize, maana huyu tunayemzika alikuwa na maisha yake yote, si chumba kimoja tu.

Elias Nkwabi alizaliwa tarehe 14 Agosti 1951 Bukwimba, wilayani Kwimba, mtoto wa pili wa Mzee Nkwabi na Mama Ng'washi. Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini, kisha shule ya kati Ngudu. Alikuwa mtoto asiyekubali jambo mpaka alione. Akiambiwa maji yamechemka, atakwenda kufunua sufuria.

Mwaka 1971 aliajiriwa reli, akapelekwa Tabora kwa mafunzo, na akafanya kazi ya ishara katika stesheni za Malampaka, Fela na Mwanza hadi alipostaafu mwaka 2011. Kazi ilimfaa. Njia ni moja, na treni mbili zikikutana katikati ni msiba. Kwa hiyo treni haiachiwi mpaka stesheni ya mbele ikubali kuipokea, na njia haihesabiwi kuwa tupu mpaka mtu aione taa ya behewa la mwisho ikipita. Wenzake walimwambia, "Imepita yote, Elias." Yeye akauliza, "Taa umeiona wewe?"

Tarehe 7 Julai 1979 alifunga ndoa na Getruda Yeremia wa Nansio, Ukerewe, mwanamke ambaye naye hadanganyiki kirahisi. Waliishi vizuri mpaka alipostaafu. Hapo marehemu alijenga chumba cha uani, akakitia kufuli, na ufunguo akauvaa shingoni pamoja na rozari. Amani ya nyumba ikaanza kuchechemea.

Getruda alikuwa akisikia kengele humo ndani. Siku moja akamsikia mumewe akisema, "Fela, naomba njia," na sauti nyingine, nyembamba, ikajibu, "Njia ipo, mlete." Akazunguka nyuma, dirisha limebandikwa magazeti. Akasubiri. Hakutoka mtu ila Elias, ananuka gundi na rangi.

"Ulikuwa na nani?"

"Peke yangu."

Mama alikwenda kupika, lakini jibu hilo halikumwingia. Kisha zikaja Alhamisi. Kila Alhamisi marehemu alivaa shati safi, akaenda mjini kupanda kivuko cha Kamanga, na jioni akarudi na kifurushi. Majirani nao wakawa wanasema lisemwalo lipo. Mwaka 2014 Getruda alijitanda kanga ya kuazima, akapanda kivuko hicho hicho, akakaa nyuma ya magunia ya dagaa. Ng'ambo alimfuata mpaka ua mmoja wa mabati, na humo akamkuta mumewe amepiga magoti na mwanamke, vichwa vimekaribiana.

"Kwa hiyo ndiye huyu!"

Mwanamke yule, Mwanvua, mjane wa fundi bati Makame, hakuinua hata uso. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye kazi ya kulehemu.

"Shikamoo dada," alisema. "Nishikie kwanza hili bati lisicheze, halafu utanitukana vizuri."

Getruda alishika. Mpaka leo hajui kwa nini alishika. Kilichotoka hapo ni behewa la treni, ukubwa wa kiatu cha mtoto, lililokatwa kwenye kopo la mafuta ya kupikia. Mumewe, amejaa aibu, akaeleza kila kitu: anajenga reli ya mezani, njia nzima kutoka Mwanza mpaka Malampaka. Reli zake ni spoki za baiskeli, kichwa cha treni kina mota ya redio ya kaseti, umeme unatoka kwenye betri ya gari. Ile sauti nyembamba ilikuwa yake mwenyewe, kwa sababu hakuweza kuiachia treni bila stesheni ya mbele kukubali, hata kama stesheni yenyewe iko upande wa pili wa meza.

Mngedhani mashaka yaliishia hapo. Hayakuishia, kwa sababu kufuli lilibaki. Kama ni treni tu, kwa nini mke asiingie? Kila alipoomba aliambiwa, "Bado." Basi wakaishi hivyo miaka yote iliyofuata, mume mpole, mke anamtazama kwa jicho la pembeni, na swali limelala katikati yao kitandani.

Mwaka 2023 marehemu alianza kusumbuliwa na figo. Alipolazwa mara ya kwanza alivua ufunguo shingoni, akamwekea mkewe kiganjani.

"Humo ndani nimetengeneza watu," alisema. "Wa nta na waya. Wamejaa stesheni, nimewavalisha nguo."

"Sasa watu wa nta ndio wa kunificha mimi?"

"Nikikutwa nao mimi, watasema huyu mzee ni fundi. Ukikutwa nao wewe, mwanamke mzee, tena wa kuja, unajua watakuita mchawi. Nilitaka siku ukiulizwa uape kwamba hujawahi kuingia, na uwe unasema kweli."

Getruda alilia, na alikasirika pia. "Ungeniambia," alisema, "tungeogopa wote wawili." Aliporuhusiwa kurudi nyumbani, Elias alimfundisha mkewe kuiendesha reli ile, na miezi yao ya mwisho ilikuwa mizuri. Alifariki hospitalini Mwanza, Jumapili tarehe 2 Machi 2025, alfajiri.

Hakukosea kuogopa. Juzi mtu alichungulia dirishani, pale gazeti lilipochanika, akatangaza kwamba ndani mna watu wadogo wamesimama kwa mistari. Hakuna aliyelitaja jina la Elias. Wote mlimgeukia mjane. Kaka wa marehemu, Mzee Josephat, akataka chumba kichomwe kabla jeneza halijashuka. Getruda alimpa kiberiti, akamfungulia mlango, akamwambia, "Choma, shemeji. Ila kaa kwanza nikuoneshe unachokichoma." Mzee Josephat alikaa mpaka treni ikafika Malampaka. Alitoka bila kuchoma kitu. Anasema bado anafikiri, na tunamshukuru kwa kufikiri.

Baada ya maziko, kabla ya chakula, chumba kitakuwa wazi na Mama Getruda ataiendesha treni mwenyewe. Mwenye neno juu yake aingie alisemee humo, kwa jina lake, huku anamtazama usoni. Asiyeweza hivyo asilibebe kwenda nalo nyumbani.

Marehemu ameacha watoto watatu, Dorcas, Alexander na Evelina, wajukuu, kaka yake Josephat, na mjane, Getruda, ambaye yuko hai na tunakusudia aendelee kuwa hai.

Mungu ampe Elias pumziko lake. Aliyemwacha, msimguse.