Tumbo Joto na Dawa za Rangi Mbili

Mama zangu, shikamooni. Na ninyi wenzangu wa kikundi mnisamehe, mmetoka kula sasa hivi nami nawaletea habari za kuhara.

Mume wangu alipofariki, shemeji yangu alidai shamba letu la alizeti hapa Misigiri. Tukaitwa kwenye baraza la ardhi. Shauri likaahirishwa, likaahirishwa tena, na kila siku ya kuitwa ikikaribia tumbo langu linachafuka. Nikawa nameza rangi mbili, zile dawa za kuua vijidudu tunazonunua dukani bila cheti. Acheni kucheka, nanyi mnazo mikobani! Nikipata nafuu siku mbili, linaanza upya, tena kwa nguvu. Nikakonda. Watu wakasema nimerogwa. Ndugu zangu, nawaambia kweli, niliamini.

Siku ya kutoa maelezo sikufika mbali, tumbo likanikata. Nikatoka mbio kwenda chooni. Kurudi, namkuta shemeji anawaambia wazee, "Mnaona? Mwenye haki hakimbii." Nililia pale pale, kwa aibu na kwa hasira.

Kesho yake nikaenda zahanati. Daktari, binti wa umri wa mwanangu, aliniamkia, akanipima, hakuona ugonjwa. Akauliza, "Mama, hili tumbo linauma tu, au ni tumbo joto?"

Nikamweleza habari za baraza. Tumbo joto si tunasema mtu akiwa na hofu?

"Basi hofu inashuka tumboni kweli," akasema. "Utumboni mna vijidudu vingi vinavyotusaidia. Mawazo yakikaa muda mrefu yanavivuruga, nawe unavimalizia kwa rangi mbili. Vikivurugika, hata wasiwasi unaweza kuzidi."

Nikaacha zile dawa. Nikarudia ugali wa uwele, mlenda na maziwa ya mgando. Lakini chakula peke yake hakikutosha, ilibidi niseme. Nikawaambia ninyi. Wawili wenu mkaanza kunisindikiza shambani kila asubuhi, mnaniacha niongee mpaka nichoke mwenyewe. Haikuwa kazi ya wiki moja. Asanteni sana, mama zangu, na yule binti wa zahanati Mungu amtunze.

Tumbo likisema, msiliwahi kwa kidonge. Nendeni mkapimwe, kisha mjiulize mnaogopa nini.

Alhamisi naitwa tena barazani. Siwafichi, hata sasa linaunguruma. Likinikata katikati ya maneno, nitatoka, nitarudi, na nitaendelea pale pale nilipoachia.